Mchungaji, aliyekuja ofisini hakuja kusikiliza mahubiri (uzi kwa watumishi)

Mleta uzi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Uzi ni mrefu, asiye na nafasi auhifadhi ausome baadaye. Nawaandikia wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa na yeyote ambaye watu humfuata wakisema, "Mtumishi, nina jambo." Wengine pia karibuni, ila tusigeuze mada kuwa malumbano ya madhehebu, nyuzi za kazi hiyo zimejaa humu.

Hoja yangu ni moja. Wengi wetu tulifundishwa kuhubiri, ushauri tukaachiwa tujifunzie kazini. Matokeo yake tunahubiri kote kote. Mtu anaingia, anaketi, anaanza kusema, na kabla sentensi haijafika mwisho mchungaji ameshapata andiko, pointi tatu na ombi la kufungia. Robo saa baadaye mtu yuko nje. Ameombewa, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Fungueni Yohana 11. Lazaro amekaa kaburini siku nne. Martha anatoka kumlaki Yesu njiani na kumwambia, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa" (mstari wa 21). Baadaye anakuja Mariamu, anaanguka miguuni pake na kusema maneno yale yale (mstari wa 32). Ukizinakili sentensi hizo mbili bila majina, huwezi kujua ipi ni ya nani. Sasa tazama majibu. Martha anapewa mafundisho, tena mazito: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima" (mstari wa 25). Halafu anaulizwa kama anayasadiki hayo. Mariamu hapewi fundisho lolote. Yesu anauliza tu, "Mmemweka wapi?" Kisha analia.

Kwa nini? Msome tena Martha. Baada ya sentensi ile anaendelea kuzungumza: anajua kwamba hata sasa lolote Yesu atakalomwomba Mungu atapewa, na anajua kwamba ndugu yake atafufuka siku ya mwisho. Huyu amekuja na maswali, ana nguvu ya kujadiliana. Mariamu hana sentensi ya pili, ana machozi tu. Yesu aliangalia namna maneno yalivyofika, hakuishia kwenye maneno yenyewe. Sisi tuliozoea mimbari tungewapa wote wawili mstari wa 25, kwa sauti ile ile, na Mariamu angeitikia "Amina" kwa adabu na kwenda kulilia kwingine.

Mtasema, mbona fundisho la ufufuo ni kweli? Ni kweli, na ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu huwa tunadhani kwamba neno likiwa la kweli kazi imekwisha. Mchukueni Elifazi, rafiki wa Ayubu. Katika Ayubu 5:13 anasema kwamba Mungu huwanasa wenye hekima katika hila yao. Paulo anaichukua sentensi hiyo na kuitumia kama Maandiko katika 1 Wakorintho 3:19. Mtume mzima ananukuu "mahubiri" ya Elifazi! Pamoja na hayo, mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na juu ya rafiki zake wawili. Alikuwa na teolojia inayonukuliwika, na bado mbele ya Ayubu alikosea, kwa sababu aliitumia kujibu kesi ambayo hakuwa anaijua. Aliona majipu na vifo vya watoto, akahitimisha kwamba lazima kuna dhambi mahali. Jambo lao jema kuliko yote ni lile la Ayubu 2:13: walikaa chini pamoja naye siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno. Walipofungua mdomo tu, wakaharibu.

Basi tuanzie wapi? Tuanze na swali. Hajiri alipokimbia jangwani, malaika wa Bwana alimkuta kwenye chemchemi na kumwuliza, "Unatoka wapi, nawe unakwenda wapi?" (Mwanzo 16:8). Angalieni jibu lake: "Nakimbia mimi kutoka mbele ya bibi yangu Sarai." Amejibu nusu. Anajua anakotoka, anakokwenda hana jibu. Wengi wanaoingia ofisini kwetu wako hapo hapo. Ukiuliza maswali hayo mawili ukanyamaza, utajua ndani ya dakika chache ni nusu ipi inayokosekana.

Na usikimbilie kuujaza ukimya. Mtu anasema, "Mchungaji, siku hizi siwezi kuomba." Mkono wako tayari uko kwenye 1 Wathesalonike 5:17. Uzuie. Uliza, "Tangu lini?" Atatazama sakafuni, atakunjakunja kitambaa mkononi, huenda akasema, "Tangu mtoto." Hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Ungemtupia "ombeni bila kukoma," angekujibu "sawa mchungaji," na habari za mtoto usingezisikia kamwe.

Eliya naye, 1 Wafalme 19. Nabii anaomba afe. Kitu cha kwanza anachotendewa ni kuachwa alale. Anaguswa, anaambiwa "Inuka, ule," kuna mkate na gudulia la maji. Anakula, analala tena, anaamshwa tena ale. Baada ya safari ya siku arobaini ndipo anaulizwa anafanya nini pale. Wachungaji wangapi humwuliza mtu aliyekata tamaa kama amelala usiku na kama amekula? Mara nyingi tunampangia mfungo.

Sasa, kusikiliza si kuitikia "pole" saa nzima. Unasikiliza ili ujue uko mbele ya mtu wa namna gani. Paulo anaweka makundi matatu katika 1 Wathesalonike 5:14: wasiokaa kwa utaratibu waonywe, walio dhaifu watiwe moyo, wanyonge watiwe nguvu. Uvumilivu ni kwa wote. Ukichanganya utaumiza. Ukimwonya aliyevunjika moyo, unamzika. Ukimbembeleza anayemwibia mwajiri wake, unamsaidia kuiba. Gregory Mkuu, aliyekuwa askofu wa Roma kuanzia 590 hadi 604, aliwaandikia wachungaji jambo hili kwa kirefu, akipanga wasikilizaji wawili wawili, maskini na tajiri, mwenye huzuni na mwenye furaha, ili kuonyesha kwamba hawashauriwi kwa namna moja. Alisema mluzi wa taratibu unaowatuliza farasi huwachokoza watoto wa mbwa.

Kuna upande wa pili wa kosa hili hili, na huu ndio unaotuvunjia makanisa. Kama vile tunavyoingiza mimbari ofisini, tunaitoa ofisi na kuipeleka mimbarini. Mtu anakwambia siri yake Alhamisi, Jumapili anasikia "kuna mtu hapa ndani..." Jina hukulitaja, lakini yeye anajijua, mkewe anahisi, na mtu wa tatu aliyekuwa anajipanga kuja kwako wiki ijayo ameghairi. Tukiulizwa tunamtaja nabii Nathani. Someni 2 Samweli 12 vizuri. Nathani alitumwa kwa Daudi, akaenda, akamwambia mwenyewe usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo." Hakumsimanga mbele ya mkutano. Mathayo 18:15 nayo inasema "wewe na yeye peke yenu." Kumrushia mtu vijembe mimbarini ni woga uliovaa joho. Mwite, mketi, umwambie.

Naweka nukta hapa, maswali karibu. Nitajibu kadiri ninavyopata nafasi.

Shemasi

Mtumishi, uzi mzuri lakini nina wasiwasi. Hizi habari za "kusikiliza" na "maswali" si ndiyo saikolojia tunaingiziwa kanisani kwa mlango wa nyuma? Neno linatosha, 2 Timotheo 3:16. Mzee wetu wa zamani alikuwa anafungua Biblia, anasoma, mtu anapona.

Mleta uzi

Shemasi, Neno linatosha, hapo hatugombani. Swali ni kama umempa mtu neno lake au umempa neno la jirani yake. Mithali 18:13 ni Neno pia: ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake. Na Mithali 20:5 inasema mashauri ya moyoni ni kama maji ya kilindi, mtu wa ufahamu atayateka. Kuteka maji ya kina kirefu ni kazi.

Nikupe mfano wa mtu wa upande wako. Jay Adams, mchungaji wa Marekani aliyeanzisha vuguvugu la ushauri wa kibiblia mwaka 1970, hakuwa na huruma kabisa na saikolojia. Alitaka ushauri urudi kanisani na kwenye Biblia. Mtu huyo huyo aliwafundisha washauri wakusanye taarifa kwanza, waulize maswali mengi, na mwisho wampe mtu kazi ya kufanya nyumbani. Mimi sikubaliani naye kila mahali, naona alikuwa mwepesi mno kuona dhambi nyuma ya kila tatizo, lakini kwenye hili la kukusanya taarifa alikuwa sahihi.

Na hiyo kazi ya nyumbani tusiipuuze. Iwe ndogo na ihusiane na mtu. Aliyefiwa mpe Zaburi 13, mistari sita tu. Daudi anauliza "hata lini" mara nne kwenye mistari miwili ya kwanza. Mwambie aandike "hata lini" zake mwenyewe, kwa maneno yake, aje nazo. Usimwambie "nenda kasome Biblia," hatajua aanzie wapi. Na kama hayuko tayari hata kwa mstari wa mwisho wa zaburi ile, ambao ni wa kumwimbia Bwana, mpe Zaburi ya 88. Ile inaishia gizani, na Mungu hakuona aibu kuiacha kwenye kitabu.

Mama Mchungaji

Asante mtumishi. Naomba ugusie wanandoa, maana hapo ndipo wachungaji wengi wanachemka. Wanawaita wote wawili, wanaketishwa pamoja, mume anaeleza, mke ananyamaza, mchungaji anasema "mama, uwe mtiifu," kikao kinafungwa. Mimi huwa nawafuata wanawake nje baadaye, ndipo ninaposikia mengine.

Mleta uzi

Mama, umenena. Mithali 18:17: anayejitetea kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amchunguze. Kwa hiyo wasikilize pamoja, lakini pia kila mmoja peke yake angalau mara moja kabla hujatoa neno lolote. Na yule wa peke yake mwulize waziwazi: "Je, unapigwa? Unaogopa kurudi nyumbani leo?" Hataeleza mbele ya anayempiga. Ukimlazimisha aeleze pale, atalipia usiku.

Kama jibu ni ndiyo, acha vikao vya pamoja. Hilo si tena suala la mawasiliano katika ndoa. Kwanza mtu awe salama yeye na watoto, kwa ndugu, kwa mzee wa kanisa, polisi ikibidi. Wanaosema "vumilia, ni msalaba wako" wamsome Daudi katika 1 Samweli 19. Sauli alipomtupia mkuki, Daudi alikwepa, mkuki ukapiga ukuta, naye akakimbia usiku ule ule. Hakurudi kuketi mezani kwa Sauli ili aonyeshe msamaha. Na huyo huyo Daudi baadaye alikataa kumwua Sauli alipopata nafasi. Kukimbia mkuki na kumchukia anayeurusha ni mambo mawili.

Mume naye anahitaji mchungaji. Ila machozi yake ya kikao cha kwanza usiyahesabu kuwa toba. Toba ina matunda, na matunda huchukua muda.

Pia nakuunga mkono, wanawake wenye kukomaa washirikishwe. Tito 2 imewapa kazi hiyo. Sioni kwa nini mchungaji wa kiume abaki peke yake na mke wa mtu saa mbili za usiku eti ushauri. Mchana, mlango wa kioo au ulio wazi nusu, mtu mwingine chumba cha pili. Na ushauri wa kuchati usiku uachwe kabisa. Huwa unaanza na Zaburi, unaishia pabaya.

Mwanafunzi wa Biblia

Mtumishi, mimi bado niko chuoni. Mtu akija anasikia sauti, au analia bila sababu wiki nzima, nitajuaje kama ni pepo au ni ugonjwa? Tunafundishwa kukemea.

Mleta uzi

Anza na Mathayo 4:24. Wanaletwa kwa Yesu wenye pepo, wenye kifafa na wenye kupooza, na mwandishi anawataja mbalimbali. Watu wa zama zile walijua kutofautisha, si haki sisi tuwatupe wote kwenye kapu moja. Paulo alikuwa na rafiki tabibu, Luka, na kwa tumbo la Timotheo alitoa ushauri wa tiba (1 Timotheo 5:23), hakusema ni roho ya tumbo.

Kwa vitendo: uliza usingizi, chakula, homa, dawa anazotumia, kama amejifungua karibuni, kama kuna pombe au dawa za kulevya, kama kwao kuna aliyewahi kuugua hivyo. Malaria kali inaweza kumfanya mtu aweweseke. Mama aliyejifungua anaweza kuugua akili, na hiyo ni dharura ya hospitali. Omba naye, ndiyo, omba kwa imani yako yote, na siku hiyo hiyo apelekwe kwa daktari. Usimwambie mtu aache dawa kama ushahidi wa imani. Hukumwandikia wewe, huwezi kumwondolea wewe. Akisema amepona, daktari wake athibitishe.

Na swali ambalo wanafunzi wengi mnaliogopa: mtu akisema "nimechoka na maisha," mwulize moja kwa moja, "Je, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kulitaja. Akisema ndiyo, uliza kama amepanga namna gani. Usimwache peke yake, sumu, dawa au silaha viondolewe karibu naye, ndugu aitwe, aende hospitali. Mahubiri kuhusu hatima ya anayejiua si ya saa hiyo.

Msomaji kimya

Huwa sichangii, leo nimeguswa. Mimi ni mchungaji. Nasikiliza watu wiki nzima, Jumapili nahubiri, Jumatatu siwezi kuamka. Nikimwambia mtu anasema "mtumishi, wewe ndiye unatuombea sisi." Nani anamsikiliza msikilizaji?

Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu, na asante kwa kujitokeza. Hauko peke yako wala si mchungaji wa kwanza. Charles Spurgeon wa London, ambaye maelfu walikuwa wakifurika kumsikiliza, alisumbuliwa na huzuni nzito kwa miaka mingi, na hakuificha kwa wanafunzi wake. Oktoba 1856, akiwa na miaka 22, alikuwa akihubiri kwenye ukumbi uliojaa pomoni, mtu akapiga kelele za uongo za moto, watu wakakanyagana, saba wakafa. Tukio lile lilimwachia jeraha. Kipaji hakikumkinga.

Musa naye alipoketi peke yake kuamua kesi za watu kuanzia asubuhi hadi jioni, Yethro, baba mkwe wake, alimtazama na kusema wazi, "Jambo hili ufanyalo si jema" (Kutoka 18:17). Akamwambia atachoka, yeye na watu wake. Dawa ilikuwa kugawa kazi. Kwa hiyo chagua siku za ushauri na uzitangaze. Zilizobaki ni za kuandaa neno, familia na kulala. Fundisha wazee wawili watatu kusikiliza, wale wenye masikio na wasio na mdomo mwingi. Tafuta mchungaji mwingine nje ya kanisa lako, asiye na cha kupata wala kupoteza kwako, mweleze mizigo yako. Na yale maswali ya usingizi na kujiua niliyomwandikia mwanafunzi hapo juu, jiulize na wewe. Ukishindwa kuamka kwa wiki kadhaa mfululizo, muone daktari. Nicheki faragha pia, nitakujibu.

Shemasi

Nimesoma yote. Nakubali kwa sehemu kubwa, lile la Elifazi sikuwa nalijua, nimefungua mwenyewe nimelikuta. Swali la mwisho: siri. Mtu akisema "niahidi hutamwambia mtu," unaahidi?

Mleta uzi

Siahidi kabla sijasikia. Namwambia mapema, kabla hajaanza kueleza: "Utakayoniambia yatabaki hapa, mke wangu hatayajua, wazee hawatayajua, mimbarini hayatafika. Isipokuwa ukiniambia kwamba mtoto anaumizwa, au unataka kujidhuru, au kumdhuru mtu. Hapo nitatafuta msaada, na nitakwambia kwamba nautafuta." Wengi wanakubali. Wachache wanasimama na kuondoka, na mara nyingine wanarudi baada ya siku kadhaa wakiwa tayari. Sheria za kuripoti ukatili kwa watoto hutofautiana nchi na nchi, kila mmoja aijue ya kwake kabla jambo halijamfika mezani. Na mtoto akidhulumiwa na mtu wa kanisani, msiunde kamati ya ndani ya kuchunguza kimya kimya. Wapeni taarifa wanaohusika.

Kumbukumbu andika kidogo: tarehe, jambo kuu kwa maneno machache, kazi uliyompa. Usiandike jina kamili. Daftari likae kwenye kabati lenye kufuli, si kwenye Biblia unayopanda nayo mimbarini, maana siku utakayoisahau kwenye kiti kuna mtu ataifungua.